Jeli ya mende wadogo: miezi minne jikoni kwangu Ngamiani

Napika chapati na mkate wa kumimina nyumbani, Ngamiani hapa Tanga. Saa tisa usiku nimeshaamka, nakanda. Saa kumi na mbili alfajiri wateja wa kwanza wako mlangoni na mabakuli yao. Mtu anayelisha watu akikiri hadharani kwamba jiko lake lilikuwa na mende, ujue ameyapima maneno yake. Nayasema kwa sababu nilihangaika karibu mwaka mzima, nikamaliza fedha kwa vitu visivyofaa, na kilichonitoa kwenye dhiki ile kinauzwa shilingi 15,000 kwenye duka la pembejeo ninalolipita kila siku nikienda soko la Mgandini.

Chenyewe ni jeli. Imo ndani ya bomba kama la sindano, gramu 30, rangi ya asali iliyokaa sana, na ukiisogeza puani inanukia sukari guru kwa mbali. Kiambato kinachoua kinaitwa fipronil, na kimo asilimia 0.05 tu; karibu yote iliyobaki ni chambo. Chapa siitaji, maana viwanda vinavyotengeneza jeli ya namna hii ni vingi na madukani zinabadilika. Ukienda kununua soma kiambato, kisha tafuta namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile yenye makao makuu Arusha. Isipokuwepo, rudisha.

Mende hawa walikuja na friji. Nilinunua la mtumba, zuri, mlango unashika vizuri, nikaliweka ubavuni mwa kabati la unga. Wiki ya tatu hivi nikamwona mmoja kwenye mpira wa mlango: mdogo, rangi ya chai ya maziwa, ana mistari miwili myeusi mabegani kama kachorwa kwa kalamu. Nikampiga kandambili, nikasahau. Haukupita mwezi, nawasha taa usiku, ukuta wa nyuma ya friji unatembea. Aliyeniuzia simlaumu sana, nadhani naye hakujua. Kwenye mota ya friji pana joto usiku na mchana, pana giza, na chini yake kuna kile kitrei kinachokinga maji. Mende mdogo hahitaji zaidi ya hapo, na wakijibana ndani ya kile kifuniko huwaoni mpaka ukifungue kwa bisibisi.

Nilianza na dawa ya kupuliza ya kopo. Wale niliowaona walikufa kweli. Lakini baada ya wiki nikawakuta chumbani, kwenye droo ya nguo za binti yangu, mahali ambapo hawakuwahi kufika. Dawa nyingi za kopo zina viambato vilivyoigwa kutoka kwenye ua la pareto, pareto hii hii inayolimwa Mufindi na Mbeya, na mende ikimgusa kidogo bila kumuua inamwasha, anahama. Kupuliza kwangu kulikuwa ni kuwasambaza nyumba nzima. Isitoshe, mende huyu amepuliziwa vizazi na vizazi duniani kote na waliobaki ni sugu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza kwamba walionusurika dawa moja wanaweza kuzaa watoto wenye usugu hata kwa dawa ambayo hawajakutana nayo.

Kisha nikanunua unga wa mchuuzi anayepita na spika, "mende, kunguni, panya, viroboto". Pakiti ya shilingi 1,000, haina maandishi hata herufi moja. Nilishainyunyiza nyuma ya kabati ndipo nikasimama nikaangalia: unga mweupe wa sumu, na hatua mbili kutoka hapo kuna gunia la unga mweupe wa ngano. Mwili ulinisisimka. Nilifuta sakafu ile mara nne, na siku hiyo sikupika.

Mwishowe nikaita vijana wa kupiga dawa nyumba, na pampu zao mgongoni. Shilingi 60,000. Tukatolewa nje nusu siku, na tuliporudi nikazoa mende kwa kizoleo. Nilifurahi wiki tatu. Wiki ya nne nikainua sufuria, chini yake vitoto vyeusi vidogo kama mbegu za ufuta vinakimbia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu walikuwa na wajibu wa kuniambia jambo moja na hawakuniambia. Jike wa mende huyu haangushi mayai ovyo. Anayapanga ndani ya mkoba mgumu wa kahawia, mayai 30 hadi 40, na anautembeza umening'inia nyuma yake wiki tatu na zaidi, mpaka karibu kabisa na siku ya kuanguliwa. Ganda la mkoba huo hulinda mayai dhidi ya dawa, na mama akifa mayai yaliyokwisha komaa bado yanaweza kuanguliwa. Anayepiga dawa mara moja bila kurudi amekuuzia mapumziko ya wiki tatu.

Siku nilipoipata jeli nilikuwa nimeingia dukani kutafuta dawa ya utitiri wa kuku. Kijana wa pale amesomea kilimo. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikamtajia na shida ya pili. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mama, ni wale wakubwa wekundu wa chooni au wadogo wa jikoni?"

Nikamwambia wadogo. Akasema, "Basi huyo ni wa ndani. Usimpulizie tena. Mlishe."

Nimekuja kusoma mwenyewe kwenye simu baada ya pale, usiku nikisubiri unga uumuke, na nimeona swali lile lilivyo na maana. Yule mkubwa huitwa mende wa Marekani ingawa asili yake ni huku kwetu Afrika. Maskani yake ni chemba na mashimo ya maji machafu, jikoni anapita tu, na dawa yake ya kwanza ni kuziba tundu. Huyu mdogo huitwa mende wa Ujerumani. Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyevipa viumbe majina ya kisayansi, alimpa jina hilo mwaka 1767, lakini Ujerumani si kwao. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba alijitenga na mende wa porini wa Asia yapata miaka 2,100 iliyopita, upande wa India au Myanmar, akawafuata watu na vyakula vyao mpaka akaenea dunia. Sasa hana pori. Popote unapomkuta, yuko kwenye majengo ya watu. Niliposoma hapo nilielewa kwa nini kumfukuza hakusaidii: ukimtoa jikoni hana pa kwenda isipokuwa chumbani.

Matumizi. Kijana alinionyesha ukubwa wa tone kwa kucha yake: kichwa cha njiti ya kiberiti, basi. Matone mengi madogo yanashinda pande moja kubwa, kwa sababu mende mdogo hapendi kwenda mbali na maficho yake. Mimi niliweka zaidi ya 40. Kwenye bawaba za kabati, chini ya droo kwa ndani, kwenye viungo vya meza, chini ya sinki, na kuzunguka mota ya friji nikiwa nimelichomoa kwenye umeme. Pa kuweka panajionyesha penyewe. Tafuta vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Hayo ni mavi yao, na ndiyo ramani. Harufu yake, inayotengenezwa na bakteria wa matumboni mwao, inawaita wenzao waje wakae hapo. Mende hawa wanataka wenzao kuliko nilivyodhani. Mtoto wao akilelewa peke yake, chakula kipo, huchelewa kukomaa. Kwa hiyo tone likiwekwa ubavuni mwa vidoa limewekwa sebuleni kwao.

Usiku wa kwanza sikulala. Nilifunga tochi ya simu kwa karatasi nyekundu ya nailoni, ile ya kufungia zawadi, maana macho yao hayaioni vizuri nyekundu, nikakaa kwenye kigoda mbele ya kabati lililo wazi. Ilikuwa kama saa sita. Wa kwanza alitoka kwenye bawaba ya juu, akasimama, vipapasio vinapiga hewa kushoto na kulia. Akavigusisha kwenye tone. Akarudi nyuma kidogo. Kisha akainamisha kichwa akala bila kuondoka, nami nikahesabu kimoyomoyo mpaka nikapita 200. Wakaja wawili, wakaja watano wakalizunguka tone moja kama ng'ombe kwenye hori. Aliposhiba yule wa kwanza alirudi kwenye bawaba ile ile, mzima kabisa, na hapo moyo wangu uliingia baridi. Nikadhani nimenunua chakula cha mende.

Kumbe kule kurudi ndiko kunakotakiwa. Fipronil huziba njia inayotuliza neva za mdudu, zikabaki zinawaka bila kuzimika, lakini katika jeli kazi hiyo inachukua saa kadhaa mpaka siku moja au mbili. Wakati huo mende ameshafika kwake. Huko anakunya, anatapika, anakufa, na wenziwe wanakula vyote hivyo. Vitoto vilivyoanguliwa karibuni havitembei mbali kutafuta chakula. Mavi ya wakubwa ndiyo uji wao. Siku ya nne nilifungua kifuniko cha mota ambako sikuwa nimefikisha tone hata moja, nikakuta vitoto vimelala chali, vingi. Dawa ilifikishwa na wazazi.

Nilikuwa nahesabu kwa karatasi ya gundi, mbili kila usiku, moja chini ya friji na moja chini ya kabati. Usiku wa kabla ya jeli walinasa 71. Siku ya saba, 19. Siku ya kumi na mbili, 6. Halafu siku ya ishirini na moja wakapanda tena, 33, karibu wote vitoto. Ningekuwa sijaambiwa ningeitupa jeli jalalani. Lakini kijana alikuwa amenionya: jike mwenye mkoba hujificha na hali sana, kwa hiyo wimbi la kwanza la jeli linampita, watoto wake wakianguliwa ndipo unaliona la pili. Niliongeza matone mapya siku hiyo hiyo. Siku ya arobaini karatasi zote mbili zilikuwa na 2.

Katikati ya siku hizo jirani aliniita kwa kelele kumwona mende mweupe pe, macho meusi, kwenye ukuta wangu wa uani. Akasema wamebadilika kwa sababu ya dawa zangu. Nikamfunika kwa glasi. Baada ya saa chache alikuwa kahawia kama wengine. Alikuwa ametoka kujivua ganda tu. Mende mdogo hujivua mara sita au saba kabla ya kukomaa, na kila mara hutoka mweupe, laini kama unga uliokandwa. Nilimwonyesha jirani yangu, akanyamaza.

Sasa kasoro, maana zipo. Jeli hukauka. Kwenye kabati lililo karibu na jiko la gesi ilikuwa ngumu kama gundi kavu ndani ya siku kumi, na mende hawaigusi tena. Vumbi la unga likiitanda ni hivyo hivyo. Sisimizi wanaipenda, tone la dirishani walilimaliza wao. Ukipuliza dawa ya kopo karibu nayo umeiharibu, na sabuni ya kufutia kabati nayo ni vivyo hivyo. Na inashindana na chakula chako: nilipoacha karai la mabaki ya unga usiku mmoja, matone yalikaa bila kuguswa. Ilibidi ninunue ndoo tatu za mifuniko, hiyo ni gharama nyingine ambayo hakuna anayeihesabu. Mende wakubwa wa chooni haikunisaidia kwao. Hao niliwazibia chemba kwa wavu.

Wenye kuku nisikilizeni. Kuku wangu wanakula mende, na mende waliokufa kwa jeli wana sumu. Nawazoa asubuhi kabla sijafungua banda, nawatupa chooni. Na bomba ukiliona limebaki usishawishike kulipeleka bandani kuua utitiri, hata mtu akikwambia ni dawa moja. Mwaka 2017 huko Uholanzi na Ubelgiji mayai mamilioni kwa mamilioni yaliondolewa madukani kwa sababu fipronil ilitumika kwenye mabanda kuua utitiri ikaingia kwenye mayai. Ni sumu kali pia kwa nyuki na samaki, kwa hiyo bomba tupu sisuuzi kwenye mtaro. Mitaro yetu inaelekea baharini.

Jambo jingine ni la sukari. Kijana aliniambia nibadilishe jeli kila baada ya miezi michache, nikadhani anataka kuniuzia. Niliposoma nikaona ana haki. Kule Florida mwaka 1993 iligundulika kwamba mende wa nyumba fulani wamekataa chambo chenye glukosi. Mwaka 2013 watafiti wakaeleza kinachotokea: kwa mende hao glukosi inaamsha neva za uchungu. Sukari imekuwa shubiri mdomoni mwao, na waliozaliwa hivyo ndio walioishi kwa sababu wengine wote walikula chambo wakafa. Inaingia mpaka kwenye ndoa zao. Dume akimtaka jike humgeuzia mgongo, huinua mabawa, na chini yake kuna kitu kitamu anachokitoa mwilini ili jike apande alambe, na akilamba ndipo wanapopandana. Jike wa ukoo ule akilamba, mate yake yanageuza utamu ule kuwa glukosi, anasikia uchungu, anashuka anaondoka. Haya yalitoka mwaka 2022 kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Nilisoma habari hiyo mara mbili, mikono imejaa unga. Kwa hiyo bomba langu la pili ni la kiambato kingine, imidakloprid, na chambo chake kina harufu tofauti kabisa, kama karanga. Lilikuwa shilingi 18,000.

Binti yangu wa mwisho ana pumu. Mavi ya mende, mate yao na maganda wanayovua yakikauka huwa vumbi, na vumbi hilo linajulikana kuamsha pumu. Jeli haiondoi vumbi hilo, inaua tu. Baada ya siku ya arobaini nilitoa kila kitu kabatini, nikafuta kwa kitambaa kibichi, sikufagia, kisha nikaweka matone upya. Siwezi kusema jeli imemtibu, ana daktari wake na pampu yake. Ninachosema ni kwamba alikuwa anaamka usiku akikohoa karibu kila wiki, na mwezi uliopita ameamka mara moja.

Kwa nyumba yenye mende wadogo, jeli hii naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naiondoa kwa kukauka haraka kwenye joto letu, na kwa karatasi yake ya maelekezo iliyoandikwa kwa lugha za wenzetu bila hata mstari wa Kiswahili. Duka lile naliongezea neno langu la shukrani, kwa sababu ya swali la kijana. Bomba moja limenitosha jikoni na vyumba viwili kwa miezi mitatu, yaani shilingi 5,000 kwa mwezi, ukilinganisha na 60,000 zilizonipa wiki tatu.

Wiki hii dada yangu wa Pongwe amepata friji la mtumba. Kabla halijaingia ndani tuliliweka uani juani, nikafungua kifuniko cha mota kwa bisibisi yangu, nikamulika. Kwenye kona, karibu na waya, palikuwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga. Tumeliacha hapo hapo nje, juu ya matofali, na matone yangu manane ndani yake.